Maneno Matano Yaliyodondoka

Tarehe 3 Februari

Mdogo wangu Fundi,

Najua utacheka ukiiona bahasha. Simu ninayo, na salio limo. Lakini kwenye simu wewe ni mwongo hodari. Nikikuuliza "mguu vipi?" unajibu "safi kabisa" hata swali sijalimaliza. Kwenye karatasi huwezi. Tangu ukiwa shule, ukiandika uongo mwandiko wako unalala upande. Kwa hiyo niandikie kwa kalamu, nikuone.

Mimi nipo. Kiwanda chetu cha uchapaji kimefurika kazi. Bunge linaanza mwezi ujao, na kila muswada lazima upite mezani kwangu kabla haujaenda kwa wabunge. Unaijua kazi yangu, haijabadilika kwa miaka ishirini na mmoja: kushoto naweka nakala iliyosainiwa na wakubwa, kulia naweka ile iliyopangwa kwa ajili ya mashine, kisha natembeza vidole viwili pamoja, neno kwa neno. Nikikuta tofauti, naweka alama nyekundu. Nikikuta upuuzi uliosainiwa, nauacha na upuuzi wake. Silipwi kuwafikiria wakubwa.

Kuna huu wa kamari za mtandaoni, umeshausikia redioni. Yaliyomo sikwambii, nimekula kiapo. Ila roho yangu imefurahi. Bwana anayepanga kurasa, tunakaa meza moja, mshahara wake wote unaishia kwenye simu. Anabashiri mechi za nchi ambazo hata kwenye ramani hawezi kukuonyesha. Wiki iliyopita mkewe alikuja getini na mtoto mgongoni, akasimama tu mpaka tulipotoka kazini. Wafunge, wafunge kila kitu.

Ofisini nimewasimulia habari zako, kwamba fundi lifti aliyevunjika mgongo leo anaweka hesabu za maduka matatu kwa kompyuta, bila kutoka chumbani, na mama yake anakula na kuvaa. Bosi wangu akasema, "Huyo ni mwanaume." Nikajisikia nimesifiwa mimi.

Mama bado anakohoa? Na yule bibi wa mazoezi, anakuja?

Dada yako,
Miwani


Tarehe 12 Februari

Dada Miwani,

Haya, kalamu hii hapa. Nimeitafuta nusu siku, Mama alikuwa anaitumia kukorogea dawa yake ya kifua. Kikohozi kimepungua. Kilichobaki ni kile cha kuniamsha asubuhi, na hicho nadhani anakifanya makusudi.

Lifti ya jengo letu bado imekufa. Mwenye jengo alipanda ngazi juzi, akafika hapa ghorofa ya nne anahema, akaniuliza mimi kama mtaalamu, tatizo linaweza kuwa nini. Nikamwambia, "Nibebe mgongoni tushuke nikaangalie." Hajarudi.

Sasa sikiliza. Alhamisi nimesimama. Usipige kelele, si kusimama kwa kutembea. Nilishika fremu ya dirisha, bibi wa mazoezi akanishika kiuno (mikono yake kama koleo), nikasimama nikaona paa la jengo la pili. Miaka minne sijaliona paa lile. Na kidole gumba cha mguu wa kulia kimesogea. Mama alivuta kiti akakaa kukitazama, kama mtu anayesubiri basi. Bibi anasema tukienda hivi, mara tatu kwa wiki bila kukatiza, mwakani naweza kushuka ngazi kwa magongo. Tukikatiza, misuli inarudi kulala, na ikilala mara ya pili haiamki tena.

Kazi ya hesabu inaendelea, wateja hawana shida. Kuna rafiki yangu mmoja anacheza poka, ule mchezo wa karata za pesa, mtandaoni, ananisumbua nikuulize: na poka imo kwenye hiyo sheria? Maana poka si kubashiri mpira, dada. Pale huchezi na kampuni, unacheza na watu wenzako. Kampuni inakata kidogo chake kwa kuwakalisha mezani, basi. Kazi ni kumsoma mtu: huyu ameweka haraka, huyu amechelewa, huyu jana alipopata karata nzuri alifanya hivi. Mara saba kati ya kumi unakunja karata zako, yaani unajitoa, na kusubiri. Ni kazi ya subira kuliko kuvua samaki. Ndivyo anavyosema huyo rafiki yangu.

Mdogo wako,
Fundi


Tarehe 19 Februari

Mdogo wangu,

Barua yako haijafika bado, lakini nina habari na sina wa kumwambia.

Jana nimekamata maneno matano. Yule bwana wa kurasa alikuwa na simu yake chini ya meza kama kawaida, akayadondosha katikati ya kifungu cha tafsiri, mahali ambapo sheria inasema jambo fulani maana yake ni nini. Sentensi ilisomeka vizuri hata bila hayo maneno. Mtu mwingine angepita. Mimi nimeyaona, nimeweka alama, yamerudishwa. Bosi amenishika mkono mbele ya watu. Amesema bila mimi sheria nzima ingekuwa na tundu la kupitisha lori.

Miaka ishirini na mmoja, mkono nimeshikwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa msiba wa baba.

Niandikie basi. Kula vizuri.

Dada yako,
Miwani


Tarehe 20 Februari

Dada,

Barua iliyopita nilikuandikia uongo, na bila shaka umeona mwandiko ulivyolala. Huyo rafiki ni mimi.

Hakuna maduka matatu. Hakuna hata moja. Miaka mitatu naishi kwa poka.

Nilianza mwaka ule wa kwanza, nilipokuwa sina ninachokitazama ila dari. Nilicheza kwa senti, nikapoteza senti, nikaanza kuandika kwenye daftari kwa nini nimepoteza. Wewe unanijua, mashine ikigoma silali mpaka nijue imegoma wapi. Baada ya mwaka nikawa sipotezi. Sijatajirika dada, usije ukadhani nimeficha gunia. Ni mshahara. Naingia saa mbili asubuhi, natoka saa nane mchana, kama mtu yeyote. Ndio unaolipa kodi, dawa ya Mama, na bibi wa mazoezi. Bibi ndiye anayemeza sehemu kubwa.

Mezani naitwa Ghorofa ya Nne. Wengine nao wana majina yao. Kuna mmoja anajiita Jino Bovu, tumecheza naye karibu kila siku miaka mitatu. Hajui kwamba sitembei. Siku moja aliniandikia, "Ghorofa, wewe una miguu ya chuma, huondoki mezani!" Nilicheka mpaka Mama akaja kuangalia kuna nini.

Sikukwambia kwa sababu nakujua, na kwa sababu ulikuwa unajivunia. Barua yako ya kwanza nimeisoma mara nne. "Wafunge kila kitu."

Sikuombi uniibie siri za serikali. Nataka kujua tu. Gazetini wameandika kwamba sheria itahusu michezo ya bahati. Kama ni bahati peke yake, tumepona, kwa sababu poka ni ustadi na kuna watu wazima na vyeti vyao wa kuja kulithibitisha hilo. Nijibu hata kwa neno moja.

Mdogo wako mwongo,
Fundi


Tarehe 2 Machi

Mdogo wangu,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Posta yetu unaijua.

Sijakasirika. Ningekuwa karibu ningekufinya sikio, lakini sijakasirika.

Kuhusu ulichouliza, mimi ni msomaji tu. Muswada umeshatoka mikononi mwangu, wabunge watafanya watakavyo. Tafuta kazi nyingine mapema, usingoje. Hesabu za maduka zinaweza kuwa za kweli, akili unayo.

Nimekutumia kitu kidogo kwa ajili ya bibi wa mazoezi. Usimwambie Mama kimetoka kwangu.

Miwani


Tarehe 9 Mei

Dada,

Nimekaa kimya kwa sababu nilikuwa nangoja niwe na habari nzuri ya kuchanganya na mbaya. Haikuja.

Sheria imeanza kazi tarehe moja. Nilidhani watatoa siku za kujiandaa. Ilikuwa saa nne asubuhi, niko katikati ya mchezo, nimeshika karata mbili nzuri ambazo hata sitakutajia maana utaniona mgonjwa, ukurasa ukageuka mweupe. Halafu likaja tangazo: huduma hii haipatikani kwa wakazi wa nchi yako. Basi. Hata aliyeshinda sikumjua.

Pesa zangu zilizokuwa mle ndani zimebaki mle ndani. Nimeandika mara sita. Najibiwa na mashine, inaniita "mteja mpendwa" na kunishukuru kwa uvumilivu wangu. Benki wanasema wamekatazwa kugusa chochote kinachotoka huko. Nimempigia mtu wa wizara, akaniuliza kwa upole kabisa: "Kwani wewe ulikuwa mchezaji?" Nikakata simu. Ndiyo yangu ingeandikwa mahali.

Wale wenzangu wa mezani wametawanyika. Sijui jina la kweli la hata mmoja, ningeanzia wapi kuwatafuta? Mtu nimekaa naye miaka mitatu, leo akipita hapa chini mtaani simjui.

Nimejaribu shauri lako. Nimepiga simu maduka kumi na moja ya mtaa huu, naomba kuweka hesabu. Mwenye duka la vyombo alinisikiliza vizuri, akasema hesabu zake anawekewa na binti yake, kwenye simu, akiwa anasuka nywele.

Bibi wa mazoezi amekuja mara moja wiki iliyopita badala ya tatu. Wiki hii hajaja. Simlaumu, naye ana watoto. Ulichotuma kilitufikisha Aprili, Mungu akuzidishie, lakini usitume tena. Najua unaishi chumba kimoja.

Fundi


Tarehe 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimepiga simu siku tatu, hupokei. Mama anapokea, anasema "amelala," na wewe nasikia unakohoa pembeni.

Naomba kitu kimoja tu: usifanye jambo la kijinga. Sheria hii ina meno, najua kila kifungu chake. Nimeomba likizo nije, nimeambiwa wakati wa bunge hakuna likizo. Nitaomba tena. Tafadhali tulia, ningoje.

Miwani


Tarehe 11 Juni

Mwanangu wa kwanza,

Ni mimi mama yako naandika, usishtuke na mwandiko, macho yako nayajua ila yangu yamechoka. Hatujafa. Lakini mdogo wako amekamatwa.

Jumanne asubuhi walikuja wanaume wawili, wale wanaobeba makabati watu wakihama. Akasema, "Mama, nimepata duka la kuwekea hesabu, duka la rangi, wananipeleka." Wakambeba na kiti chake ngazi zote nne, mmoja mbele mmoja nyuma. Nikasema moyoni, duka gani hili linalotuma wabebaji.

Kumbe nyuma ya hilo duka la rangi kuna chumba, na chumbani kuna kompyuta sita. Zimeunganishwa kwa ujanja wao ili huko nje ionekane wanacheza wakiwa nchi nyingine. Siku ya kwanza alirudi salama, ya pili akarudi. Ya tatu, polisi wakaingia. Nimeambiwa na mwenye duka la jirani: watu watano walitoka kama panya, wengine kwa mlango wa nyuma, mmoja kwa dirisha la choo, na kompyuta zao kwapani. Ndani akabaki mtoto wangu peke yake, kwenye kiti chake, mbele ya meza.

Askari akamuuliza, "Wewe mbona hukukimbia?"

Akamjibu, "Nilikuwa nasubiri lifti."

Askari wakacheka wote. Halafu wakamfunga pingu. Mwanangu, walimfunga pingu kwenye mkono wa kiti.

Alikaa kituoni siku mbili. Hakuna aliyejua kumgeuza, amerudi na kidonda kiunoni. Kesi ni mwisho wa mwezi. Ameniambia nisikuandikie, ndiyo maana nakuandikia.

Na jambo jingine. Anadhani nilikuwa sijui. Nilijua tangu mwaka ule wa kwanza. Mtu gani anaweka hesabu za duka huku anaiambia kompyuta, "Kunja bwana, kunja, huna kitu wewe"? Nilinyamaza kwa sababu nilimwona ameanza tena kuoga bila kuambiwa.

Mama yenu


Tarehe 3 Julai

Dada,

Najua Mama ameshakuandikia. Amekataa, lakini stempu mbili zimepungua.

Yamekwisha. Nimepatikana na hatia. Kompyuta ya kule haikuwa yangu, wamechukua na ya nyumbani pia, ati kielelezo. Sikufungwa ndani, hakimu amesema amezingatia hali yangu. Nimepewa kifungo cha nje miezi kumi na mbili, na kila Jumatatu niende mwenyewe kusaini daftari katika ofisi ya kata. Mwenyewe, dada. Wakili wangu alisimama akasema, "Mheshimiwa, mteja wangu anaishi ghorofa ya nne na lifti haifanyi kazi." Hakimu akaandika kitu, akatazama saa, akasema ofisi inafungwa saa tisa na nusu.

Kwa hiyo kila Jumatatu nawalipa wale wabebaji wawili, wananishusha, nasaini, wananipandisha. Jina langu limekuwa ghali.

Wakili ni wa msaada wa bure, kijana mwepesi, amejitahidi kuliko nilivyomlipa. Mwishoni alinionyesha kifungu kilichonimaliza. Nimekikariri: "mchezo wowote wa pesa unaochezwa kupitia mtandao ambao ushindi wake unategemea bahati, au bahati pamoja na ustadi." Akaweka kidole hapa, baada ya "bahati". Akasema, "Mzee, sentensi ingeishia hapa, ningekutoa kabla ya chai. Haya maneno matano ya mwisho ndiyo yamefunga mlango."

Nikamwambia dada yangu aliisoma sheria hii kabla ya wabunge. Akacheka, akadhani natania. Hebu niambie wewe uliyeitembezea vidole: hukuona namna yoyote? Natania tu. Sina kingine cha kufanya, kompyuta wamechukua.

Fundi


Tarehe 10 Julai

Mdogo wangu,

Ni hayo.

Maneno matano niliyokuandikia Februari, yaliyoniletea kushikwa mkono, ni hayohayo. Bwana wa kurasa aliyadondosha. Sentensi ilikuwa imeishia kwenye "bahati", na nukta imewekwa. Mimi ndiye niliyeyarudisha.

Kuna baya zaidi. Nilikuandikia kwamba barua yako ilikuwa haijafika. Ilikuwa imefika asubuhi ya siku ileile niliyoyakamata, kabla sijakaa mezani. Nilikuwa nayo mkobani. Nilikuwa nimeshaisoma, na nilikuwa nimeshaona mwandiko ulivyolala kuanzia neno "rafiki" mpaka mwisho. Sikuwa na hakika, lakini mimi ni mtu wa kusoma, na nilisoma.

Vidole vyangu vilifika pale. Cha kushoto kikaendelea, cha kulia kikakuta nukta. Nikasimama. Nilikuwa nimemiminiwa chai, ikapoa ikaweka utando. Nilijiambia: pita tu, huyu bwana ndiye aliyekosea, hakuna atakayekuuliza. Nikajiambia: wabunge wataona wenyewe, hata usipoyarudisha. Nikajiambia: kidole gumba cha mdogo wako kiendelee kusogea kwa sababu ya kosa la mtu mwingine, hiyo ni dhambi gani? Halafu mkono ukaweka alama nyekundu. Sisemi mkono ulijipeleka wenyewe. Niliupeleka mimi. Niliogopa. Sikujua mimi ni nani nisipoweka ile alama.

Halafu nikakuandikia kujisifu, siku iliyofuata, ili iwe nimefanya jambo zuri.

Nimeenda kwa bosi. Nimemwambia kuna mtu mgonjwa ameumia na kifungu hiki, je, kuna njia ya kukirekebisha? Akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Mama, sisi ni wachapaji."

Siombi unisamehe. Nimeomba likizo mara ya tatu, safari hii wamenipa siku nne, kuanzia Ijumaa ya tarehe tisa Agosti. Kama hutaki nije, niandikie, sitakuja. Kama huandiki, sijui nitafanya nini.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Dada,

Nimekaa na barua yako wiki mbili na zaidi. Siku za kwanza nilikuwa na hasira mpaka nikamkatalia Mama chakula. Nilikuandikia barua tatu na kuzichana zote. Moja ilikuwa na maneno ambayo hata wale wabebaji hawayatumii.

Sasa nikwambie jambo. Hujawahi kulisikia, Mama hajawahi kulisikia, hata polisi wale wa wakati ule sikuwaambia.

Unamkumbuka mkaguzi wa lifti, yule mliyemlaani miaka yote hii? Aliyesaini kwamba lifti ni nzima, na siku nane baadaye ikateleza ghorofa mbili nikiwa nimesimama juu yake? Alifukuzwa kazi, nasikia sasa anauza vifuniko vya simu mahali fulani. Mama mpaka leo akisali anamtaja.

Yeye aliliona tatizo. Kamba ya chuma ilikuwa imeanza kukatika nyuzi, alinionyesha kwa tochi. Akasema, "Fundi, hapa sisaini, mpaka mbadilishe." Kamba mpya ilikuwa ichukue mwezi kufika. Jengo lilikuwa lifunguliwe wiki ile, nami nilikuwa nimeahidiwa kuwa fundi mkuu likifunguliwa kwa wakati. Nikamwomba. Nilimwomba kwa udugu, tulikuwa tumesoma pamoja ufundi. Nikamwambia, "Mimi mwenyewe ndiye nitakayekuwa naipanda, unadhani nataka kufa?" Alishika kalamu muda mrefu, kama wewe. Halafu akasaini, kwa sababu ananipenda. Nilipozinduka hospitali nikasikia wamemfukuza, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka minne.

Kwa hiyo ninaye tayari mtu mmoja aliyeona kosa akalipita kwa ajili yangu. Sikuhitaji wa pili. Sisemi ulifanya vizuri. Nikikumbuka lile paa nililoliona dirishani, siwezi kusema ulifanya vizuri. Nasema tu mimi si mtu wa kukuhukumu, na sijui nani angekuwa.

Nimemwomba Mama aache kumtaja mkaguzi kwenye sala. Nimemweleza kwa nini. Tangu juzi anafanya kazi zake, ananigeuza, ananilisha, haniangalii usoni.

Njoo. Ukifika piga kelele toka chini, Mama atakurushia ufunguo.

Na ujiandae kwa miguu. Haisimami tena, kidole kimetulia. Bibi wa mazoezi alikuja mara ya mwisho bila malipo, akamfundisha Mama kunikunja na kuninyoosha, mara ishirini kila mguu, asubuhi na jioni, basi angalau isikakamae. Mguu wa mtu mzima ni mzito, dada, na Mama ni mfupi. Anaubeba begani na kuhesabu kwa sauti. Akifika kumi na mbili mikono inaanza kumtetemeka. Hapo anavuta pumzi, anasema, "Ishirini," na kuuweka chini taratibu. Nami namwambia ahsante.

Mdogo wako,
Fundi